Umebadilishiwa balbu za taa za mbele? Usilipe kabla hujaziona ukutani

Segera_Junction · #1

Wakuu, habari za jioni.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilitoka Dar kwenda Korogwe msibani. Probox, mimi naendesha, mama yupo mbele, mdogo wangu nyuma na mizigo. Tulichelewa kutoka mjini, Chalinze tukaipita giza limeshaingia. Tukiwa tumeiacha Mbwewe, taa ya kushoto ikazima. Nikajisemea nitafika na moja. Haikupita robo saa, ya kulia ikaanza kupepesa, ikafa nayo, na ndani ya gari ikaingia harufu ya plastiki inayoungua. Nyuma yangu kulikuwa na semi. Nikawasha hazadi, nikashuka lami kwa kubahatisha maana ukingo wa barabara siuoni, na ile semi ikatupita karibu kiasi kwamba gari lote lilitikisika. Mama hakusema neno, alishika kanga yake tu. Tukalala kwenye uwanja wa duka la mtu aliyetuhurumia, na mazishi tukayakuta yameshapita.

Asubuhi fundi wa maeneo yale akafungua boneti. Soketi zote mbili za nyuma ya taa zimeyeyuka, plastiki imekuwa ya kahawia, waya umekakamaa kama kijiti. Akachomoa balbu akanionyesha maandishi ya kitakoni: 12V 100/90W, yaani wati 100 za fulu (mwanga wa mbali) na 90 za dimu (mwanga wa karibu). Gari langu linataka 60/55W.

Balbu hizo zilikuwa na wiki mbili tu. Nilibadilishiwa Dar, fundi wa kando ya barabara, elfu tano moja. Aliniambia hizi ni kali kuliko za zamani. Akawasha, nikaona zinawaka, nikalipa, nikaondoka. Kazi nzima haikufika dakika kumi.

Hapo kwenye "nikaona zinawaka" ndipo ninapotaka tukae, maana nimeuliza ndugu na majirani wote wenye magari na kila mmoja anafanya vile vile. Fundi anachomeka, anawasha, wewe umesimama mbele ya gari jua kali la saa nane, unaona mwanga, unatoa hela. Mchana kila balbu inaonekana nzima. Huwezi kujua mwanga unapiga wapi, soketi inapata moto kiasi gani, wala kama balbu imekaa mahali pake.

Yule fundi wa Mbwewe alinifundisha kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa miaka kumi na moja ya kuendesha. Baada ya kuweka soketi mpya na balbu za 60/55W, hakukubali niondoke. Akasema tusubiri kagiza, tuzipime ukutani. Nawawekea hatua zake kama zilivyo.

Tafuta ukuta uliosimama wima na mbele yake pawe tambarare kabisa. Sogeza gari mpaka karibu liguse ukuta, weka alama ya chaki usawa wa katikati ya kila taa. Kisha rudi nyuma mita 5, zipime kwa tepu, usikadirie kwa hatua. Matairi yawe na upepo wa kutosha, dereva akae kwenye siti yake, na kile kiduara cha dashibodi cha kupandisha na kushusha taa kiwe kwenye 0. Washa dimu. Utaona mstari unaotenganisha mwanga na giza. Kwa mita 5 mstari huo unatakiwa uwe chini ya alama ya chaki kwa sentimita 5 hivi. Ukirudi mita 10, uwe chini kwa sentimita 10. Ni asilimia moja. Kwenye magari mengi utakuta namba hiyo imeandikwa kwenye mwili wa taa au karibu yake, 1.0% au 1.3%, pembeni ya kialama cha taa, basi fuata iliyoandikwa kwenye gari lako.

Sisi tunaopita kushoto, upande wa kulia wa mstari uwe umelala sawa, na upande wa kushoto uinuke juu kidogo kama kimlima. Upande wa kulia umelala ili usimchome macho anayekuja. Kile kinachopanda kushoto ni cha kukuonyesha ukingo wa barabara, mwenye baiskeli, mtoto, ng'ombe.

Kwangu taa ya kushoto ilitoka vizuri. Ya kulia haikuwa na mstari wowote, mwanga umesambaa mpaka kwenye paa la nyumba. Akafungua tena, akakuta balbu haijakaa kwenye mikato yake. Akaichomoa, akaigeuza ikaingia yenyewe bila kulazimishwa, akafunga kibanio, mstari ukatokea. Sasa fikirini, hiyo ni kazi ya fundi makini kabisa, na bila ukuta angenipa taa inayompofua kila ninayepishana naye mpaka Korogwe.

Nimefanya hesabu ndogo ambayo imenikaa kichwani. Taa za gari langu zipo kama sentimita 65 kutoka chini. Mwanga ukishuka asilimia moja, unagusa lami mita 65 mbele. Ukishuka asilimia tatu, unagusa mita 22 hivi. Ukiwa mwendo wa 80, gari linakula mita 22 kwa sekunde moja. Maana yake taa iliyoinama kiasi hicho inakuonyesha kitu sekunde moja kabla hujakigonga.

Naomba wenye ujuzi na wenye yaliyowakuta waongeze. Nataka uzi huu umsaidie mtu anayeenda kubadilisha balbu kesho.

Fundi_Wayaringi · #2

Pole sana mkuu, na poleni kwa msiba. Mimi nafanya umeme wa magari, nimesomea chuo cha ufundi, VETA, na nipo kazini miaka mingi. Nitaongea kama fundi na sitawatetea wenzangu.

Kwanza hiyo 100/90W. Balbu ya 55W kwa volti 12 inavuta ampea 4.6. Ya 90W inavuta 7.5. Mtu anaona tofauti ndogo. Lakini joto kwenye kiungo cha soketi linapanda kwa kipeo cha pili cha umeme unaopita, kwa hiyo hapo joto limeshazidi mara mbili na nusu. Na soketi zenyewe ni za gari la Japani lenye miaka kumi na tano, vibati vya ndani vimeshalegea na kuingia kutu. Lazima iyeyuke. Fyuzi inaweza isikatike kabisa, kwa sababu fyuzi inaangalia umeme wa waya mzima, haijui kwamba kiungo kimoja kinaungua. Hata kama soketi ingevumilia, kile kioo cha kung'aa cha ndani ya taa, reflekta, kingebabuka kwa joto, na kikibabuka hakirudi.

Pili, angalia mikono ya fundi. Kioo cha balbu ya halojeni, hizi za kawaida zenye filamenti, hakiguswi kwa vidole. Mafuta ya ngozi yakibaki pale, balbu ikipata moto sehemu hiyo inazidi joto kuliko zingine, kioo kinadhoofika, balbu inakufa mapema au inapasuka. Na ndani ya kile kioo kuna gesi yenye presha, ndiyo maana hata kuibadilisha unasubiri ipoe kwanza. Fundi anashika kitako cha chuma. Akigusa kwa bahati mbaya, anafuta kwa spiriti na kitambaa safi, anaacha ikauke. Ukimuona fundi ametoka kufungua injini, mikono ina oili, anabana balbu kwenye kioo kama anaminya limau, mzuie hapo hapo. Ni gari lako, hutakuwa umemvunjia heshima.

Tatu, H4, yaani aina hii ya balbu yako, ina vipembe vitatu na kimoja ni kipana kuliko vingine. Inaingia kwa namna moja tu. Ndani yake kuna filamenti mbili, ya fulu na ya dimu, na chini ya ile ya dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende juu. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mstari ulioandika. Balbu ikiingia imepinda, kikombe nacho kimepinda na mstari unapotea. Feki nyingi nimezitambua hapo hapo: kikombe kimelegea, filamenti imekaa upande, risasi ya kuunganishia imechafua kitako.

Nne, ule mpira wa nyuma. Mafundi wengi wanautupa kwa sababu unasumbua kurudisha. Bila huo mpira, vumbi na unyevu vinaingia ndani ya taa, na baada ya masika moja reflekta imefifia. Kabla fundi hajafunga boneti, ingiza mkono mwenyewe, hakikisha upo na umekaa.

Soketi nayo ikaguliwe kila balbu inapobadilishwa. Ikiwa na kahawia au imelegea, balbu mpya ni hela ya kutupa.

Mama_Twins · #3

Asante kwa uzi. Mimi Noah yangu ina taa za zenoni, zile zinazowaka kwa gesi bila filamenti, tangu ilipotoka Japani. Moja ilianza kuwa ya zambarau kisha ikawa inazima barabarani, nikizima na kuwasha inarudi. Fundi wa kwanza akaniambia ni boksi la umeme linaloiwasha balbu, tununue. Fundi wa pili akabadilishana balbu za kushoto na kulia, tatizo likahamia upande wa pili. Ikawa ni balbu. Angalau mtu ujue kwamba jaribio hilo lipo na halina gharama.

Swali langu: nimeletewa balbu mbili, boksi limeandikwa D2S na yangu ya zamani imeandikwa D4S. Fundi anasema ni zile zile, atakwangua tu kitako ziingie.

Fundi_Wayaringi · #4

Dada, mwambie aache kabisa. D2S inafanya kazi kwa volti 85 hivi, D4S kwa 42. Vitako vimetengenezwa tofauti makusudi ili mtu asiziweke mahali pasipo pake. Akikwangua, hilo boksi la umeme linakuja kufa na ndilo lenye bei. Tena kuna D4S na D4R. Yenye R ina rangi nyeusi iliyopakwa kwenye kioo, ni ya taa za reflekta. Yenye S ni ya taa zenye ile lenzi ya duara kama jicho. Soma balbu ya zamani, nunua herufi zile zile, na nunua mbili pamoja maana zenoni inabadilika rangi inavyozeeka.

Na tafadhali, asiguse chochote taa zikiwa zimewashwa. Wakati wa kuwaka, zile taa zinatoa zaidi ya volti 20,000. Zima, chomoa fyuzi au kichwa cha betri, subiri.

Dogo_Sinza · #5

Nawaheshimu wakuu, ila mbona tunahangaika na halojeni mwaka huu? Mimi nimeweka LED kwenye IST, mwanga mweupe kama mchana, umeme inakula kidogo, soketi haipati moto. Fundi alichomeka dakika tano. Nimeshaenda nazo Dodoma usiku. Sioni tatizo.

Mzee_wa_Tunduma · #6

Kijana, nakujibu kwa upole. Naendesha semi Dar mpaka Tunduma na ng'ambo. Wewe huoni tatizo kwa sababu upo nyuma ya hizo taa. Mimi nipo mbele yake.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara ya usiku imejaa kuliko zamani, na kila mtu anataka taa kali. Pale Mikumi ndani ya hifadhi, unapishana na gari dogo lenye taa hizo nyeupe, kwa sekunde mbili tatu mimi sioni chochote, natembea na tani zangu kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa. Na pale kuna tembo, kuna nyati wanaosimama katikati ya lami, na wana rangi ya giza lenyewe. Nimemwashia mwenzangu fulu mara ngapi nikidhani hajapunguza, naye ananijibu kwa kuwasha fulu yake halisi, ndipo najua kumbe ile ya kwanza ndiyo ilikuwa dimu. Kitonga ni hivyo hivyo, unapandisha, mwingine anashuka, na kwenye kona mwanga unakupiga usoni kutoka juu.

Halafu wadogo zangu wa magari madogo, jihadharini na balbu za magari yetu. Balbu za malori ni 24V, H4 yetu ni 75/70W, na kitako kinafanana na cha kwenu. Ukiwekewa ya 24V kwenye gari la 12V inawaka rangi ya chungwa, hafifu, na utaambiwa betri yako imechoka. Soma namba mwenyewe.

Fundi_Wayaringi · #7

Mzee amesema. Dogo, nikupe sababu ya kifundi. Taa yako imechongwa kwa hesabu ya filamenti ndogo iliyokaa sehemu moja kwa kipimo cha milimita. Reflekta inachukua mwanga kutoka nukta ile na kuupeleka panapotakiwa. Balbu ya LED ina vipande bapa viwili pande mbili za kibao, hapo ilipokuwa filamenti pana unene wa kibao chenyewe. Mwanga unaanza mahali pengine, kwa hiyo unaishia mahali pengine. Karibu na gari kunang'aa sana, jicho linaridhika, mboni inajikunja, na kule mbali mita 60 ambako ndiko unapohitaji kuona, unaona hafifu kuliko ulivyokuwa unaona mwanzo.

Sikatai kwamba zipo LED nzuri. Magari yanayotoka kiwandani na taa za LED, taa nzima imechongwa kwa ajili yake. Ninachokataa ni kuchomeka LED yoyote kwenye taa ya H4 na kuondoka bila kuipima. Fanya alivyoandika mleta uzi, mita 5, ukuta, chaki. Ukiona mstari umekatika sawasawa, njoo unikosoe hapa mbele ya watu.

Na ukiona redio ya FM inakoroma ukiwasha taa, ni hizo hizo.

Mbongo_Hamburg · #8

Nikiongezea kwenye LED. Hapa Ujerumani kwa miaka yote ilikuwa marufuku kuchomeka LED kwenye taa ya halojeni. Mwaka 2020 ndipo zikaruhusiwa baadhi, na kila moja ina orodha ya magari iliyopimiwa. Gari lako halimo kwenye orodha, huruhusiwi, hata kama balbu inaingia vizuri. Yaani wao wenyewe walioitengeneza wamekiri kwamba balbu ile ile inafaa taa hii na haifai ile.

Kila Oktoba gereji nyingi hapa wanapima taa bure, ukifaulu wanakubandikia stika kiooni. Wana boksi lenye lenzi linalosogezwa mbele ya taa, dakika mbili jibu limetoka. Kila nikiiona hiyo stika nawaza ndugu zangu wa nyumbani wanaoendesha barabara zisizo na taa wala mistari, ambao ndio wenye haja kubwa ya kipimo hicho.

Kuhusu kutambua balbu: kwenye kitako tafuta herufi E ndani ya duara na namba pembeni. E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E43 Japani. Inamaanisha aina hiyo ya balbu imepitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, kwa balbu za filamenti ni Kanuni ya 37. Alama peke yake inaweza kuigizwa, kwa hiyo itazame pamoja na wati na ubora wa kitako. Lakini balbu ya 100/90W yenye E, hiyo usihitaji hata darubini, imedanganya. Kanuni haina H4 ya 12V ya wati hizo.

Bukavu_Kadutu · #9

Wandugu, miye niko Bukavu. Huku tunapita mkono wa kuume, lakini magari mengi tunayopata yametoka Japani kupitia Dar, usukani uko kuume. Nimesoma habari ya kimlima cha kushoto nikashituka. Kwa sisi kushoto ndiko anakotokea mwenzetu! Kumbe taa nzima kabisa, balbu nzima, imepimwa vizuri, bado inamchoma macho anayekuja. Nilikuwa nawalaumu madereva bure. Kuna dawa?

Fundi_Wayaringi · #10

Kaka wa Bukavu, umegusa jambo ambalo wengi hawalijui, na Bujumbura ni hivyo hivyo. Balbu haiwezi kuliponya, maana kimlima kinachorwa na taa yenyewe pamoja na kile kikombe. Dawa kamili ni kubadilisha taa zote mbili uweke za gari la usukani wa kushoto, kama modeli hiyo ilitengenezwa. Dawa ya gharama ndogo ni ile wanayotumia Waingereza wakivuka na magari yao kwenda Ufaransa: wanabandika kipande cha stika isiyopitisha mwanga kwenye kioo cha taa, mahali panapotoa kile kimlima. Tafuta ukuta usiku, tembeza kipande cha karatasi nyeusi juu ya kioo mpaka uone kimlima kimezimika na mstari umelala, weka alama, bandika hapo. Utapoteza mwanga kidogo wa pembeni. Usishushe taa nzima kwa sababu ya hilo, utajinyima kuona mbele.

Eastlando · #11

Niko Nairobi. Hapa nimeona watu wakibadilisha balbu mara tatu kumbe shida ni kioo cha nje. Taa za siku hizi si kioo, ni plastiki ngumu, na jua limeifanya kuwa ya njano. Mimi nilipakwa dawa ya meno na mtu wa kuosha magari, ikang'aa, miezi miwili ikarudi mbaya kuliko kwanza. Baadaye fundi mwingine alinisugulia kwa msasa wa maji, mkali kwanza kisha laini zaidi na zaidi, akamalizia kwa kupaka vanishi ya kuzuia jua. Hiyo imekaa. Kwa hivyo kabla ya kununua balbu simama mbele ya gari, kama huoni balbu vizuri ndani, yenyewe pia haikuoni.

Segera_Junction · #12

Asanteni sana. Fundi, nimefanya kitu kimoja kingine uliponiandikia inbox, nakiweka hapa wote wafaidike.

Nimepima volti kwa mita. Injini inaunguruma, taa zimewashwa. Kwenye betri nimepata 14.0. Nyuma ya balbu ya kulia 13.7. Nyuma ya balbu ya kushoto 12.4. Soketi ni mpya zote mbili, kwa hiyo nikajua kuna kitu kingine. Nikafuata waya wa mwili upande wa kushoto, ule unaofungwa na boliti kwenye bodi karibu na betri. Boliti imejaa kutu ya kijani. Nikaifungua, nikaisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga. Nikapima tena: 13.6. Kwa macho ya kawaida taa ya kushoto imebadilika kabisa.

Fundi_Wayaringi · #13

Umefanya kazi safi sana mkuu. Kwa wanaosoma: tofauti kati ya betri na nyuma ya balbu ikizidi nusu volti, tafuta kiungo kibovu. Halojeni inadai volti zake. Ukipunguza asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Wengi wanaokimbilia 100/90W wanakimbia kutu ya boliti moja, na umeme ukishakuwa mwingi zaidi, kiungo kile kile kibovu ndicho kinachoungua.

Na volti zikizidi nayo ni shida. Ukiona betri inasoma zaidi ya 15 injini ikiwaka, balbu zitakufa kila mwezi, angalia altaneta, ile inayochaji betri, kwanza.

Zile balbu zinazoandikwa zinatoa mwanga zaidi kwa wati zile zile 60/55, za kampuni zinazojulikana, siyo feki zote. Filamenti yake inachomwa kwa joto kubwa zaidi, kwa hiyo maisha yake ni mafupi. Anayesafiri usiku mara chache anaweza kuzitumia. Dereva wa teksi namshauri za kawaida. Zile za kioo cha bluu ya kukoza mimi siweki gari la mtu, rangi inakula mwanga.

Mama_Twins · #14

Nimerudisha zile D2S. Muuza spea alibadilisha baada ya kumwonyesha ya zamani. Nimepata D4S mbili. Fundi aliyeweka ni mwingine, alivaa glavu bila kuambiwa, na niliposema tukapime ukutani akasema "twende, hata mimi nataka kuziona". Nimehifadhi namba yake.

Dogo_Sinza · #15

Nimerudi wakuu. Jana usiku nimepeleka IST kwenye ukuta wa godauni nyuma ya kwetu. Mita 5, chaki, kama mlivyosema. Kwa kweli mstari hakuna. Kuna kiwingu cheupe, nusu yake kipo juu ya alama, na katikati kuna doa la giza. Nikamwambia rafiki yangu akae kwenye gari, mimi nikasimama mbele kama mtu anayekuja. Nilishindwa kumwangalia.

Balbu za zamani nilikuwa nazo kwenye boksi. Nimezirudisha. Mstari umetokea, upo chini ya alama sentimita 9 upande wa kulia na 6 kushoto. Fundi, ile ya kulia naipandisha wapi?

Fundi_Wayaringi · #16

Umefanya vizuri sana dogo. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili za plastiki, nyingi zinazungushwa kwa bisibisi ya nyota ndefu inayopita kwenye kitundu cha juu na kuuma meno ya kigiya. Moja inapandisha na kushusha, nyingine inapeleka kushoto na kulia. Zungusha robo duara, angalia ukutani, robo tena. Funika taa ya kushoto kwa kitambaa wakati unarekebisha ya kulia ili mianga isichanganyike, ila usiifunike kwa muda mrefu, joto litabaki ndani. Ukifika sentimita 5, tikisa gari kwenye kona zake mara mbili tatu, liache litulie, pima tena.

Kama skrubu inazunguka na mwanga hausogei, kigiya kimevunjika. Hapo lete gari.

Segera_Junction · #17

Jumamosi naenda Korogwe tena, arobaini ya marehemu. Mama ameomba tutoke alfajiri ili tufike mchana, nimekubali. Ila kurudi itatubidi tupite Mbwewe giza likiwa limeingia. Balbu mbili za akiba za 60/55W zipo kwenye kabati la dashibodi, na nimembebea yule mwenye duka gunia la mchele.

Mzee_wa_Tunduma · #18

Safari njema, mwanangu. Ukinikuta njiani nitashusha taa.